Je, Yatupasa Kwenda Kwenye Makaburi ya Askari?



Mwezi uliopita, baada ya ibada, lilizuka jambo ambalo tangu siku ile linazungumzwa majumbani mwetu, nami nimeombwa niliandikie katika gazeti letu. Mama mmoja wa parishi yetu, mjane ambaye umri wake umepita miaka 85, alisimama wakati wa matangazo akaomba kitu kimoja tu. Aliomba kwamba, kabla Bwana hajamwita, apelekwe Kaboya, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, apaone mahali alipolazwa mwanawe wa kwanza. Kijana huyo alikwenda vitani mwishoni mwa mwaka 1978, wala hakurudi. Mama aliletewa habari. Kaburi hajaliona hata leo.

Watu walinyamaza. Kisha ndugu mmoja akasema, "Twende wote. Tukodi basi, tuwe kule tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa." Hapo ndipo mabishano yalipoanza, na hayajaisha.

Mimi si mchungaji, wala sikuwahi kuwa askari. Kazi yangu ilikuwa kufundisha watoto kusoma na kuhesabu, kwanza upande wa Bunda, baadaye hapa Musoma, mpaka nikastaafu. Lakini mwalimu mzee ana tabia moja asiyoweza kuiacha: akisikia swali gumu hulipanga ubaoni, mstari kwa mstari. Basi nimeyasikiliza maneno ya wanaokataa safari hii, nami naona yako matatu. Hakuna hata moja lililo la kipuuzi.

La kwanza wamesema wazee wetu wa uamsho. Wao wanasema: sisi hatuwaombei wafu. Wafu wako mikononi mwa Mungu, na safari yetu haitawaongezea wala kuwapunguzia kitu. Tena mababu zetu walikuwa wakienda makaburini na pombe na unga kuwaomba wafu mvua na uzazi; tulipobatizwa tuliyaacha hayo. Leo turudi makaburini kwa basi?

Nawajibu kwa heshima. Kumwomba mfu ni jambo moja, kumkumbuka ni jambo jingine. Anayetambika huenda kutafuta kitu kutoka kwa mfu. Anayekumbuka huenda kwa sababu anadaiwa. Katika Yoshua sura ya 4 Waisraeli waliagizwa watwae mawe kumi na mawili katikati ya Yordani wayasimamishe, ili watoto wao watakapouliza maana yake waelezwe. Mawe yale hayakuabudiwa, yalikuwa somo. Tena Sauli alipouawa na mwili wake kutundikwa ukutani Beth-sheani, watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha kwenda kuuteremsha wakauzika, kwa sababu zamani aliwaokoa. Hawakutaka kitu kwake, maana alikwisha kufa. Walilipa deni.

Kanisa letu la Anglikana hapa Afrika Mashariki lina mfano wake wa karibu. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa tarehe 16 Februari 1977, katika utawala wa Idi Amin. Serikali ile ilitangaza kwamba ni ajali ya gari. Mwili wake ulipelekwa kaskazini, ukazikwa kijijini kwao Mucwini. Lakini kule Namirembe, Kampala, kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Jumapili ile Wakristo wakakusanyika kwa maelfu, na baada ya ibada wakalizunguka kaburi lisilo na mtu. Hapo wakakumbushwa habari ya malaika aliyewauliza wanawake kwa nini wanamtafuta aliye hai kati ya wafu. Wakaimba. Wale hawakwenda kuliabudu shimo. Walikwenda kwa sababu mtawala alitaka mtu yule asahauliwe upesi, nao wakakataa. Hata kaburi tupu linaweza kuwa mahali pa kusema kweli.

Neno la pili linahusu fedha. Ndugu mmoja, naye ni fundi anayejua bei ya kila kitu, ametupigia hesabu. Kutoka Musoma hadi Muleba kwa kuzunguka ziwa kupitia Mwanza na Geita ni safari ya kutwa nzima. Kuna mafuta, chakula, na mahali pa kulala watu wote. Anasema fedha hizo zingeezeka nyumba ya mjane mmoja kwa mabati mapya. Wafu hawalowi mvua, asema, walio hai wanalowa.

Neno hili limenichoma, maana Bwana wetu mwenyewe aliwakemea watu waliojenga na kuyapamba makaburi ya manabii huku mioyo yao ikiwa ni ile ile ya waliowaua (Mathayo 23). Yaani inawezekana kabisa mtu akaweka shada la maua juu ya kaburi la askari, na mjane wa askari huyo akapita njiani siku hiyo hiyo asisalimiwe. Tunao katika parishi hii waliorudi kutoka vita hivyo, wengine na risasi zilizobaki mwilini, wengine na usiku usio na usingizi. Nani kati yetu amewahi kuketi nao? Basi nakubali nusu ya neno la fundi. Safari isiyoanzia kwenye nyumba za walio hai ni maigizo.

Lakini nusu nyingine siikubali, nami nitaeleza kwa habari za kwetu Mara.

Miaka mingi iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu Ikoma, kuiona ngome iliyojengwa na Wajerumani. Niliwaeleza kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1917, kikosi cha Wajerumani kilichokuwa kimejitenga na jeshi lao kilifika hapo, kikapigana na askari wa Wabelgiji waliotoka Kongo. Mtoto mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu, mababu zetu walikuwa upande gani?" Nikamjibu: pande zote. Waafrika walikuwa askari wa Mjerumani, Waafrika walikuwa askari wa Mwingereza na wa Mbelgiji, na waliokuwa wengi kuliko wote hawakuwa askari; walikuwa wapagazi waliobeba risasi na unga wa wenzao kichwani. Akauliza tena, "Wamezikwa wapi?" Hapo nilinyamaza. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, na walizikwa kando ya njia pasipo alama.

Wazungu waliokufa katika vita vile, kila mmoja alipewa jiwe lenye jina lake, au jina lake likaandikwa ukutani. Mwafrika, kwa sehemu kubwa, hakupewa. Katika mwaka 1927 ilisimamishwa sanamu ya Askari mjini Dar es Salaam, na maandishi yake yamo kwa Kiswahili pia, lakini sanamu ile ni ya wote kwa jumla. Haina jina la babu ya mtu. Iliwachukua wakubwa zaidi ya miaka mia kulikiri jambo hili. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda hesabu hiyo ikafika 350,000. Tume iliomba radhi.

Kwa nini nawaeleza haya katika neno la fedha? Kwa sababu waliokataa kuandika majina ya wapagazi nao walikuwa na hesabu zao. Walisema ni gharama, tena walisema Waafrika wenyewe hawajali makaburi. Waliamua kwamba mtu fulani anastahili jiwe na mtu fulani hastahili. Ndugu zangu, tukisema leo kwamba kaburi la mtoto wa mama huyu halistahili nauli ya basi, tusije tukawa tumeokota hesabu zile zile tukaziita zetu.

Tena wako ambao hata tukitaka hatuwezi kuwafikia. Katika Vita Kuu ya Pili, tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao wakiwa askari wa Afrika Mashariki. Kaburi lao ni maji. Mama wa vijana wale hakuwa na basi la kukodi. Mama yetu huyu anayo njia ya lami mpaka Muleba, na sisi tunabishana.

Sasa nafika kwenye neno la tatu, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Limetoka kwa mzee aliyepigana vita hivyo mwenyewe. Hakusema kanisani, aliniita kwake jioni tukaketi chini ya mwembe. Akasema, "Mwalimu, mkienda Kaboya mtawaonyesha watoto nini? Mtawaambia vita ni vitu vizuri?"

Sisi watu wa Mara tunajulikana nchi nzima kwa kupenda jeshi. Ni sifa, lakini ni mzigo pia. Tumewazika vijana wengi waliokufa katika mapigano ya koo kule Tarime, na wengine kwa ajili ya ng'ombe, na kila aliyeua alikuwa na watu wa kumpigia vigelegele. Mtoto akiona mizinga ikipigwa na bendera zikipepea, atajifunza kwamba utukufu wa mwanamume uko kwenye silaha. Tazameni sherehe ya Siku ya Mashujaa yenyewe: Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua. Mtoto atakumbuka lipi, ua au sime?

Nilimwambia mzee, "Lakini vita vile vilikuwa vya haki." Na ni kweli. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Waliua raia, waliteka wanawake, waliswaga ng'ombe, wakalivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Vijana wetu, pamoja na mgambo wengi waliotoka mashambani, waliitika. Mji wa Kampala ulitekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, maana wazee wa kwetu hawakatizi mtu. Kisha akasema, "Yote uliyosema ni kweli, Mwalimu. Sasa mimi nitakuambia habari ya Masaka." Akaniambia jinsi mji ule ulivyopigwa mizinga mwezi Februari 1979, na baada ya kuchukuliwa ukabomolewa, kwa hasira ya yale yaliyofanyika Kagera. Alisema aliona kitanda cha mtoto kikining'inia kwenye ghorofa iliyopasuka katikati. "Yule mtoto hakuvuka mpaka kuja kwetu," alisema. "Mkienda Kaboya, na huyo mmkumbuke. Kama hamwezi, kaeni nyumbani."

Nilirudi kwangu nikiwa sina jibu. Nilifikiri kwa siku nyingi, na ninavyoona sasa ni hivi. Mzee hakukataza tusiende. Alituwekea sharti, na sharti lake ni la haki. Anayekwenda kwenye makaburi ya askari aende na ukweli mzima, ama asiende. Kwenda tu kusifu ni kuwageuza wafu wawe ngoma ya kuchezewa na walio hai. Lakini kutokwenda kabisa ni uongo pia, maana ni kujifanya kwamba amani hii tuliyo nayo haikumgharimu mtu. Kila mwaka watu humiminika Butiama, pale Mwitongo, kuliona kaburi la Mwalimu Nyerere, nami nimekwenda mara nyingi. Ni vema. Lakini aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu wa vita hivyo analala Butiama kwao, karibu na wazazi wake, na mamia ya askari waliotii amri yake wanalala Kaboya, mbali na mama zao. Tukimtembelea aliyetoa amri tusiwatembelee walioitii, heshima yetu ina kasoro.

Na adui je? Biblia inatusaidia. Sauli alimwinda Daudi kama mnyama, mwaka hata mwaka. Alipokufa, Daudi hakucheza. Alirarua mavazi yake akamfanyia maombolezo, tena akaagiza watu wafundishwe maombolezo hayo (2 Samweli 1). Alimlilia adui yake na rafiki yake Yonathani katika maombolezo hayo hayo, wala hakusema kwamba Sauli alikuwa na haki. Na karibu nasi, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekimbia Uganda mwaka 1977 baada ya kuuawa kwa Luwum, aliandika kitabu mwaka ule ule akakiita "Nampenda Idi Amin". Wengi walichukizwa na jina hilo. Lakini Kivengere hakuwa akimsafisha Amin. Alikuwa anakataa kuiacha chuki ya Amin iingie ikae ndani yake. Mtu aliyetiwa jeraha namna ile akiweza, sisi tunaoketi hapa Musoma kwa amani tunashindwaje kuinamisha vichwa kwa ajili ya askari wa Uganda, ambaye naye alikuwa na mama?

Sasa niseme la kwangu mwenyewe, maana si haki kuwahubiri wengine huku nimejificha.

Kijana aliyelala Kaboya alikuwa mwenzangu. Tulianza darasa la kwanza pamoja, tukachunga pamoja. Mwaka 1978 mimi nilikuwa chuo cha ualimu, yeye alikuwa nyumbani. Tulikubaliana kwamba tutakwenda kujiandikisha pamoja. Siku ilipofika nilimwambia kwamba chuoni wamenikatalia ruhusa. Haikuwa kweli. Sikuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Niliogopa. Alinipa mkono akaniambia nisome kwa bidii, akaondoka.

Kwa zaidi ya miaka 40 nimekuwa nikimsalimu mama yake kila Jumapili, nami sijamwambia. Mtaniuliza kwa nini sikuwahi kwenda Kaboya, nami ni mtu wa kupeleka watoto Ikoma na Butiama. Sasa mnajua. Ni rahisi kulitembelea kaburi la mtu usiyemdai wala asiyekudai.

Kabla sijaandika haya nilikwenda kwake. Nilimkuta akichambua mchicha mlangoni. Nikamwambia yote, jinsi nilivyowaambia ninyi. Alikaa kimya muda mrefu, akiendelea na mchicha wake, mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Mwanangu, kwenye gari utakaa na mimi." Hakuongeza neno.

Kwa hiyo, ndugu zangu, shauri langu ni hili. Kwanza, kabla ya safari, wazee wa kanisa na akina mama wapite nyumba za waliopigana na za wajane wao, waone nani anavujiwa, na fundi wetu atupe hesabu ya mabati. Tuchange kwa mambo yote mawili. Pili, twende bila nyimbo za kujisifu, na mzee wa chini ya mwembe, kama afya yake inaruhusu, awe ndiye atakayezungumza na vijana, awaeleze Kagera na Masaka pia. Tatu, tutakapofika tusiwaombe wafu kitu, wala tusijifanye tunawaongezea kitu. Tumshukuru Mungu, tukiri, tutaje majina, wa kwetu na raia wa pande zote mbili ambao majina yao hatuyajui. Nne, anayeona dhamiri yake haimruhusu kwenda asilaumiwe. Abaki amtunzie jirani yake watoto.

Katika 2 Samweli sura ya 21 kuna mama mmoja, Rispa, ambaye wanawe waliuawa kwa makosa ya watu wengine. Alitandika gunia juu ya mwamba akakaa hapo tangu mavuno yalipoanza mpaka mvua iliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hakuwa na jeshi wala cheo. Lakini habari yake ilimfikia mfalme, na mfalme akaaibika, akaenda kuikusanya mifupa yao akaizika. Wakati mwingine taifa zima hufundishwa wajibu wake na mama mmoja asiyekubali kuondoka.

Na kwetu yuko mmoja. Amesubiri tangu mwaka 1979. Kazi yetu ni kukodi basi.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu, Musoma.